Kasuku na Mwigaji: Wachekeshaji wa Siasa na Upendeleo wa Vyombo vya Habari nchini Kenya

Utangulizi

Muhula uliopita wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walifanya mdahalo wa Kiswahili. Mada ilisema kwamba vyombo vya habari vya Afrika Mashariki huwatendea haki wananchi. Msemaji mmoja wa upande wa kupinga, kijana hodari asiyebabaishwa na ngeli, alisimama akanukuu maneno ya mwanasiasa fulani wa Kenya kwa ufasaha, tena kwa sauti ile ile ya mwanasiasa huyo. Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti alipomwomba ataje siku na mahali maneno hayo yaliposemwa, kijana alifungua simu yake, akatazama, akanyamaza. Maneno hayakuwa ya mwanasiasa. Yalikuwa ya mchekeshaji aliyekuwa akimwiga.

Darasa lilicheka, lakini ubishi uliofuata ulichukua muda mrefu kuliko mdahalo wenyewe. Wapo waliosema amedanganya. Wapo waliosema hakudanganya hata kidogo, kwa kuwa mchekeshaji yule alitamka kile ambacho mwanasiasa anakifikiri na taarifa ya habari haithubutu kukitangaza. Mwishowe binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, ikiwa taarifa ya habari inapendelea, na mchekeshaji naye anatunga, sisi tumwamini nani?" Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliahidi kulijibu swali hilo katika jarida la idara, na ahadi ni deni.

Makala haya yanapitia historia ya wachekeshaji wa siasa nchini Kenya tangu miaka ya 1980 hadi leo. Tumeichagua Kenya kwa sababu tatu. Kwanza, ni jirani yetu na magazeti yake na vituo vyake tunavijua. Pili, historia hiyo imetendeka hadharani na tarehe zake zinajulikana. Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi walimu wa lugha, sehemu kubwa ya vichekesho hivyo imetendeka katika Kiswahili, au imekihusu Kiswahili chenyewe: nani anakizungumza, kwa lafudhi gani, na mbele ya nani.

Enzi ya sauti moja

Hatuwezi kumwelewa mchekeshaji bila kuelewa kwanza taarifa ya habari aliyokuwa akishindana nayo. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji, Sauti ya Kenya, lililokuwa chini ya serikali na ambalo mwaka 1989 lilianza kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Thamani ya shirika hilo ilionekana wazi tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali, walikimbilia studio za redio, na mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kuwatangazia Wakenya kwamba serikali imeanguka. Jaribio lilishindwa siku hiyo hiyo. Hata hivyo, serikali na wapinzani wake walikuwa wamepata somo moja: anayeshika kipaza sauti ameshika nusu ya nchi.

Baada ya hapo kipaza sauti kilishikwa kwa nguvu zaidi. Kila aliyeisikiliza taarifa ya habari ya miaka ile anakumbuka jinsi ilivyoanza. Habari ya kwanza ilikuwa ya "Mtukufu Rais". Kama Mtukufu Rais amefungua shule, habari ilikuwa shule. Kama amehudhuria ibada, habari ilikuwa ibada. Mambo mengine ya nchi na ya dunia yalisubiri zamu yao. Mwaka 1983 chama tawala cha KANU kilijipatia pia gazeti lake, Kenya Times.

Hapa tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba upendeleo wa chombo cha habari si lazima uwe uongo. Inawezekana kila sentensi ya taarifa ile ilikuwa kweli: Rais alikwenda, alifungua, alisema. Upendeleo ulikuwa katika mpangilio, yaani nani anatajwa kwanza, nani anapewa dakika kumi na nani hapewi hata moja. Mwanasheria aliyewekwa kizuizini hakusingiziwa lolote katika taarifa ya saa moja jioni. Hakutajwa tu.

Mwezi Septemba mwaka 1984 Rais Daniel arap Moi alitoa kauli ambayo wanahistoria wa Kenya huirudia mara kwa mara. Aliwataka mawaziri na watu wote waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama ambavyo yeye mwenyewe, enzi za Mzee Jomo Kenyatta, aliuimba wimbo wa Kenyatta bila kuongeza neno. Kwa hiyo kumwiga Rais haikuwa kosa wakati ule. Ilikuwa wajibu. Lililokatazwa ni kumwiga kwa namna ya kuwafanya watu wacheke.

Kicheko kilichoruhusiwa

Isije ikadhaniwa kwamba Wakenya hawakucheka. Shirika lile lile la serikali liliwapa vichekesho vya Kiswahili vilivyopendwa mno, kama vile Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang', Mama Kayai na wenzao waliingia katika nyumba za watu kila juma. Vioja vyenyewe vilihusu mume na mke, mpangaji na mwenye nyumba, mshtakiwa mjanja na hakimu mwenye subira. Walevi, wezi wa kuku, waganga wa uongo na matajiri wachoyo walichekwa. Ngazi ya juu kabisa ya nchi haikuguswa.

Michezo hii ilikifanyia Kiswahili kazi kubwa. Iliwaonyesha Wakenya wa bara kwamba Kiswahili si cha mahubiri na amri za chifu peke yake, kwamba mtu anaweza kugombana, kubembeleza na kudanganya kwa lugha hiyo. Lakini iliacha pia mazoea ambayo tutayarudia baadaye: kumtambulisha mhusika kwa lafudhi ya kabila lake. Benson Wanjau, aliyeigiza kama Mzee Ojwang' mpaka uzeeni na akafariki mwaka 2015, alikuwa Mgikuyu, ilhali mhusika wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo.

Kejeli ya kisiasa ilitafuta njia za pembeni, na njia mojawapo ilikuwa safu ya gazeti. Wahome Mutahi aliandika kwa miaka mingi safu ya kuchekesha iliyoitwa Whispers, akichanganya Kiingereza, Kiswahili, Kigikuyu na lugha ya mitaani. Mhusika mkuu alikuwa baba wa nyumba anayejiona mtawala, mwenye mke aliyepachikwa jina la Thatcher na watoto wasiomsikiliza. Msomaji aliyetaka kucheka na mambo ya nyumbani alicheka. Msomaji aliyetaka kuona katika nyumba ile nchi nzima, naye hakuzuiwa. Mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya kundi la Mwakenya, Mutahi alikamatwa akafungwa zaidi ya mwaka mmoja. Baadaye aliandika riwaya kuhusu mateso ya kizuizini, Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991. Alirudi pia jukwaani, na katika tamthilia ya Kigikuyu iitwayo Mugathe Mubogothi, iliyochezwa katika mabaa na mahoteli, alimdhihaki mtawala mwenye maneno mengi. Alifariki mwaka 2003.

Tuuangalie ukumbi aliouchagua. Kwa nini baa? Kwa sababu ukumbi wa taifa ulihitaji kibali, redio ilikuwa ya serikali, na runinga vilevile. Mahali ambapo mjadala wa umma umefungiwa mlango, mchekeshaji huenda walipo watu.

Mwigaji anaingia sebuleni

Mambo yalianza kubadilika polepole. Mwaka 1990 kituo cha KTN kilianza kurusha matangazo, ingawa kilizaliwa kikiwa na uhusiano na chama tawala. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kiliondolewa na vyama vingi vikarudi. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 redio za FM za watu binafsi zikaanza kuruhusiwa. Kampuni ya Nation, baada ya kusubiri leseni kwa miaka mingi, ilianzisha kituo chake cha runinga mwaka 1999.

Katika runinga hiyo ndipo walipopata umaarufu vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are aliyejulikana kama Nyambane, Tony Njuguna, na John Kiarie aliyejulikana kama KJ. Kundi lao liliitwa Redykyulass. Nyambane alimwiga Moi waziwazi, sauti, mwendo, rungu na yote, huku Moi mwenyewe angali Ikulu.

Kwa nini jambo hilo lilitikisa nchi? Jibu letu ni la kiisimu. Moi alikuwa na desturi ya kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza kwenye sherehe za kitaifa, kisha kuiweka karatasi kando na kuzungumza Kiswahili kutoka kichwani. Hotuba ya Kiingereza iliandikwa na maofisa na ndiyo iliyochapishwa. Lakini wananchi uwanjani waliingojea ile ya pili, kwa sababu humo ndimo vitisho, utani, misemo na siri za siasa zilimotokea. Waandishi wa habari waliinyoosha hotuba hiyo, wakaifanya taarifa safi. Kilichokuwa kikali kilifika kwa msikilizaji kikiwa kimelainishwa, na kilichorudiwa mara tano kilifika kikiwa kimesemwa mara moja.

Nyambane aliyarudisha yale yaliyonyooshwa. Aliurudisha mkwaruzo wa sauti, marudio, hasira ya ghafla na kicheko cha mwenye nguvu. Kwa maana hiyo mwigaji alitoa taarifa kamili kuliko taarifa ya habari. Kasuku alirudia maneno na kuacha sauti. Mwigaji aliichukua sauti, akatunga maneno.

Hapo ndipo penye hatari pia, na hapa inatupasa tukiri jambo. Tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili katika nchi jirani, wenzetu Wakenya bwenini walikuwa na mazoea ya kumwiga Nyambane akimwiga Moi. Tulicheka mpaka machozi. Nasi tukajifunza kuiga, tukarudi nyumbani Uganda na sauti hiyo. Februari 2020 Moi alipofariki na vituo vya runinga vikarudia hotuba zake za zamani, tulikaa kumsikiliza na tukashangaa. Sauti yake ilikuwa nzito zaidi, ya polepole zaidi, na mara nyingi haikuchekesha hata kidogo. Moi tuliyedhani tunamjua kwa sauti alikuwa wa Nyambane. Kwa hiyo yule kijana wetu wa mwaka wa pili hakuwa wa kwanza kukosea. Tofauti ni kwamba yeye aliulizwa siku na mahali, nasi hatukuulizwa na mtu.

Lafudhi kama silaha

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 na Mwai Kibaki kuingia madarakani, kumwiga Rais likawa jambo la kawaida. Wachekeshaji waliongezeka redioni, runingani na kwenye kumbi. Ungetarajia kwamba hofu ikipungua, kejeli itaingia ndani zaidi: bajeti, ardhi, zabuni, mahakama. Kwa sehemu ilifanya hivyo. Lakini chombo kilichotumika kwa wingi zaidi kilikuwa kile kile cha zamani, lafudhi.

Kila msomaji wa jarida hili anaijua orodha hiyo. Huyu husemekana anapenda pesa, yule anajisifu, yule mlinzi wa usiku, yule mvivu wa pwani. Mchekeshaji akibadilisha "r" kuwa "l", au akiongeza sauti ya pua mbele ya "b" na "d", hadhira hujua mara moja tunazungumzia kabila gani na hucheka kabla ya kisa kuanza. Ni rahisi na huuza.

Sisi walimu wa fonolojia hatuna ugomvi na lafudhi. Kila mzungumzaji anayo. Athari ya lugha ya kwanza ni jambo tunalolifundisha darasani bila kumcheka mtu. Ugomvi wetu ni kuhusu kinachotokea katika mjadala wa umma. Mchekeshaji anapomwiga waziri anayetuhumiwa kupoteza fedha, na watu wakacheka jinsi anavyotamka neno "fedha", swali limebadilika bila mtu kugundua. Hatuulizi tena amefanya nini. Tunacheka ametoka wapi. Na watu wa kabila lake, ambao huenda nao walikuwa na hasira juu ya fedha hizo, hujikuta wakisimama upande wake kwa sababu wamechekwa pamoja naye.

Hatudai kwamba vichekesho ndivyo vilivyoleta maafa ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mizizi yake ilikuwa katika ardhi, katika madaraka na katika uchaguzi wenyewe, na Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Lakini tume hiyo iliziangalia pia redio za lugha za kienyeji na maneno yaliyorushwa hewani. Mtangazaji mmoja wa redio, Joshua arap Sang, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na kesi yake ikasitishwa mwaka 2016. Katika mazingira kama hayo, mzaha uliozoeleka juu ya "watu wa namna hii" si kitu chepesi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mwenye kituo

Tumefika kwenye swali ambalo watazamaji wengi hawaulizi: mchekeshaji anasimama kwenye jukwaa la nani?

Mwezi Machi mwaka 2006 polisi waliofunika nyuso waliingia usiku katika ofisi za gazeti la Standard na kituo cha KTN, wakachoma magazeti na kuzima mitambo. Waziri wa usalama wa wakati huo, John Michuki, alieleza kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Tarehe 30 Desemba 2007, mara tu matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula "kiapo" Uhuru Park, vituo vya Citizen, NTV na KTN vilizimwa. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa tena visitangaze maandamano moja kwa moja, hadi mahakama ilipoisimamisha amri hiyo. Hiyo ni minyororo inayoonekana.

Upo mnyororo mwingine ambao hauonekani, nao ni matangazo ya biashara. Serikali na makampuni makubwa ndio watangazaji wakubwa, na gazeti lisilo na matangazo halichapwi. Mfano wa mchoraji wa katuni Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, unafundisha mengi. Ni Mtanzania aliyejiunga na kampuni ya Nation mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka 20 kalamu yake ilimchora kila mkubwa wa Kenya. Aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa wamefungwa mnyororo wenye tufe la chuma mguuni wakati wa kesi zao za Hague. Mwaka 2009, akifuata mfano wa kipindi cha vikaragosi cha Ufaransa, Les Guignols de l'info, aliongoza kuanzishwa kwa The XYZ Show katika kituo cha Citizen. Vikaragosi vya mpira vya wanasiasa vilikuwa vikisoma habari, kubishana na kuimba. Ulikuwa mchezo wa kejeli uliovaa vazi la taarifa ya habari, na si bahati mbaya kwamba ulivaa vazi hilo. Ulisema: hii ndiyo taarifa mnayopaswa kupewa.

Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilichapisha katuni ya Gado iliyomdhihaki Rais wa Tanzania, Jakaya Kikwete. Mwezi huo huo gazeti lilizuiwa kuuzwa Tanzania, na sababu rasmi iliyotolewa ilikuwa usajili. Gado alikwenda likizo ya mwaka, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba mkataba wake hautaongezwa. Hakuna polisi aliyefunika uso. Hakuna mtambo uliozimwa. Katuni zilikoma tu kuonekana kwenye ukurasa ule, kama vile yule mwanasheria wa miaka ya 1980 alivyokuwa hatajwi kwenye taarifa ya jioni.

Lazima tuseme upande wa pili pia. Kipindi cha vikaragosi kilipata msaada wa wafadhili wa nje, na walioguswa nacho hawakukosa kuuliza ni nani anayelipa. Swali hilo ni halali hata kama linaulizwa na mtu mwenye hila. Vilevile wachekeshaji wenyewe wamevuka mpaka. John Kiarie wa Redykyulass aligombea ubunge wa Dagoretti mwaka 2007 akashindwa, na mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Hilo si kosa, kwani mchekeshaji ni raia. Ila linatukumbusha kwamba mcheka na wakubwa si mtu asiye na upande. Naye anao.

Mfano wa nyumbani

Tusiwacheke majirani kana kwamba kwetu ni shwari. Hapa Uganda tulikuwa na ebimeeza, midahalo ya redio iliyofanyika baani na kumbini ambapo mwananchi wa kawaida alishika kipaza sauti. Septemba 2009, baada ya machafuko ya Kampala, midahalo hiyo ilipigwa marufuku. Julai 2020 wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa. Kisa ni mchezo mfupi ambamo waliwataka Waganda wawaombee viongozi, kisha wakawataja viongozi hao kwa majina na vyeo. Hawakuongeza tusi lolote. Orodha yenyewe ilionyesha kwamba vyeo vikubwa vimeelemea eneo moja la nchi. Walituhumiwa kueneza ubaguzi.

Linganisha mzaha huu na ule wa lafudhi. Wachekeshaji wale hawakuigiza matamshi ya mtu. Walipanga majina ya kweli na vyeo vya kweli kwa utaratibu ambao taarifa ya habari haikuwahi kuutumia. Kicheko kilitokana na mpangilio, kama ambavyo upendeleo wa taarifa ya habari hutokana na mpangilio. Huo ndio ucheshi unaoujibu upendeleo kwa silaha yake yenyewe, na pengine ndiyo sababu ulipeleka watu kituo cha polisi.

Hitimisho

Binti yetu aliuliza tumwamini nani. Historia hii haitupi mtu wa kumwamini. Inatupa maswali mawili ya kubeba. Ukisikiliza taarifa ya habari, uliza: nani hatajwi? Ukimtazama mchekeshaji, uliza: nani hachekwi? Kituo kinachocheka upinzani kila juma na kumruka mwenye kituo kina upendeleo sawa na taarifa ya "Mtukufu Rais", hata kama kimevaa wigi. Na mchekeshaji anayecheka lafudhi za wanyonge, akawaacha wakubwa na matendo yao, ni kasuku mwenye makeke.

Haya hayajapitwa na wakati. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha huku wakimwita Rais Ruto jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Jina hilo halikuhitaji kituo, mhariri wala mfadhili. Lilipita kwenye simu, na neno hilo moja lilibeba hoja nzima ya kodi bila kugusa kabila la mtu. Lakini asiye na mwenye kituo hana pia wa kumtetea. Desemba 2024 kijana anayejulikana kama Kibet Bull, aliyesambaza michoro ya vivuli ya kumkejeli Rais, alitekwa, na hakuonekana tena hadi Januari 2025.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi jepesi. Chagueni tukio moja la siasa. Wanafunzi walete taarifa ya habari ya Kiswahili ya siku hiyo na mchezo mmoja wa kuchekesha kuhusu tukio hilo. Katika safu ya kwanza waandike waliotajwa na walioachwa. Katika safu ya pili waandike waliochekwa, na kama wamechekwa kwa matendo au kwa matamshi. Katika safu ya tatu waandike kilichosemwa kweli, pamoja na siku na mahali.

Tumelijaribu zoezi hili mara moja. Yule kijana wa mdahalo alikuwa wa kwanza kumaliza safu mbili za mwanzo. Safu ya tatu ilimchukua siku nne, na aliijaza.